Jina Lisifutike: Mwongozo wa Kutunza Mawe ya Makaburi ya Zamani Mjini Lubumbashi

Mvua zinapokatika mwezi wa Aprili, familia nyingi za Lubumbashi huchukua majembe na mapanga na kwenda malaloni, kama wengi wetu tunavyoyaita makaburi, kufyeka majani yaliyofika kiunoni na kuyaosha mawe ya wazee wao. Hurudi nyumbani jioni wakiwa wameridhika kwa sababu jiwe limekuwa jeupe. Baada ya masika matatu au manne hukuta herufi zimefifia, kingo zimemeguka na ufa umepita katikati ya jina, nao huilaumu mvua. Mara nyingi mvua haina hatia kubwa. Kosa lilifanyika siku ile ya usafi, kwa mikono yenye upendo na dawa isiyofaa.

Nayajua hayo kwa uchungu. Babu yangu mzaa baba, aliyekuwa karani wa reli, alizikwa mwaka 1958 chini ya bamba dogo la marumaru nyeupe lililonunuliwa kwa mchango wa wenzake wa kazini. Miaka kadhaa iliyopita nilimlipa mwashi mmoja alisafishe. Alikuja na chupa ya asidi, ile inayotumika kuondolea simenti iliyoganda kwenye vigae, akaimimina, na jiwe likatoa povu. Nilifurahi nikidhani ni uchafu unaotoka. Kilichokuwa kikitoka ni marumaru yenyewe, kwa kuwa marumaru ni kalisi kaboneti, na asidi huiyeyusha. Masika ya tatu baada ya hapo, tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kifo haikusomeka tena, wala nyumbani kwetu hapakuwa na picha hata moja ya jiwe lile kabla ya kuharibiwa.

Kwa hiyo mwongozo huu una shabaha moja: jina lililochongwa liendelee kusomeka kwa muda mrefu iwezekanavyo. Kulifanya kaburi lionekane jipya ni shabaha nyingine kabisa, na ndiyo iliyoyamaliza mawe mengi katika mji huu.

Hatua ya kwanza: ruhusa na majirani wa kaburi

Kaburi lina wenyewe, hata kama hujawahi kuwaona. Kabla ya kugusa jiwe lisilo la ukoo wako, fika kwenye ofisi ya komine, yaani ya serikali ya mtaa, inayosimamia makaburi hayo, ueleze unachotaka kufanya, na uombe ruhusa kwa maandishi. Karatasi hiyo ibebe kila siku ya kazi, kwa sababu mtu anayeonekana akiinua jiwe makaburini hudhaniwa mwizi, na watu wana sababu ya kudhani hivyo. Misalaba ya chuma na vibao vya shaba vimeibwa mno ili viuzwe kama vyuma chakavu.

Zungumza pia na mlinzi na wachimba makaburi. Hao ndio wanaojua ni ukoo gani huja Novemba 2, siku ya kuwakumbuka marehemu, ni shimo gani limetitia, na ni jiwe gani limehamishwa kutoka kwenye mahali pake pa asili. Ikiwa kaburi liko katika sehemu ya Waislamu, ya Wayahudi au ya Waorthodoksi wa Kigiriki, kaongee na wazee wa jumuiya hiyo kwanza na ufuate watakachosema, hata kama watakuambia usiguse kitu. Mfano mdogo: juu ya makaburi ya Wayahudi utakuta vijiwe vidogo vimepangwa. Vimewekwa na waliokuja kuwakumbuka marehemu wao, kwa hiyo usivifagie kama takataka. Ukilazimika kuviondoa ili ufanye kazi, virudishe.

Hatua ya pili: andika na upige picha kabla ya kushika brashi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote zinazofuata. Kama ungekuwa na siku moja tu ya kujitolea, ningekuomba uitumie yote hapa, kwa sababu jiwe likianguka kesho, maandishi yako yatabaki.

Chora ramani ya sehemu unayoshughulikia, hata kwa mkono, ukianzia kwenye kitu kisichohama, kama lango, njia kuu au mwembe mkubwa. Hesabu safu, kisha kila kaburi lipe namba kwenye ramani na katika daftari. Namba isiandikwe kwenye jiwe, wala kwa kalamu ya rangi wala kwa chaki. Piga picha ya kaburi zima kutoka mbele, ya kila upande, na ya maandishi kwa karibu, ukiweka rula au kitu cha ukubwa unaojulikana pembeni ya jiwe ili vipimo vieleweke baadaye.

Nakili maandishi jinsi yalivyo, mstari kwa mstari, pamoja na makosa yake. Fundi wa mwaka 1930 akiwa alikosea herufi, kosa hilo ni sehemu ya kumbukumbu, na wewe hukuitwa kulisahihisha. Herufi usiyoiona vizuri iwekee kistari, usiikisie.

Katika Lubumbashi kazi ya kunakili inahitaji ujuzi kidogo wa historia. Mji ulianzishwa mwaka 1910 ukiitwa Élisabethville na jina hilo lilidumu hadi 1966, kwa hiyo usishangae kukosa neno Lubumbashi kwenye mawe ya kale. Vivyo hivyo Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie, Stanleyville ni Kisangani na Costermansville ni Bukavu. U.M.H.K. ni kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, na B.C.K. ni kampuni ya reli. Kisha kuna jambo la majina ya watu: mwaka 1972 serikali ya Zaire iliagiza raia waache majina ya Kikristo yenye asili ya kigeni na kuchukua majina ya Kiafrika, hivyo mtu aliyebatizwa Joseph anaweza kuwa na jiwe lenye majina matatu ya kikwao bila Joseph hata kidogo. Ukitafuta ukoo wake katika vitabu vya parokia, tafuta kwa jina la baba, kijiji na mwaka, wala usikate tamaa kwa kukosa jina lililo juu ya jiwe. Kwenye mawe ya Wayahudi, ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes, mwaka mara nyingi umeandikwa kwa hesabu ya Kiebrania. Mwaka 5690, kwa mfano, ulianza mwishoni mwa 1929 na kuendelea hadi 1930, kwa hiyo ukitoa 3760 unapata mwaka wetu kwa karibu.

Herufi zilizofifia zisomwe kwa mwanga wa pembeni. Jua la saa kumi na mbili na nusu asubuhi, likipita sambamba na uso wa jiwe, huonyesha michongo ambayo saa sita mchana huioni kabisa. Ikiwa jiwe limegeuziwa upande wa kivuli, mtu mmoja ashike kioo cha kawaida, aurudishe mwanga uje kwa ubavu, na mwingine apige picha. Nimewahi kuona jiwe lililodhaniwa tupu likitoa mistari mitano kwa kioo cha kunyolea ndevu. Usipake unga, chaki, majivu wala povu la kunyolea kwenye herufi ili zionekane: vitu hivyo huingia katika vinyweleo vya jiwe, hukwaruza au huacha chumvi, na vingine hulisha kuvu.

Picha na daftari vitolewe nakala angalau mbili, moja ikae nje ya nyumba yako. Nakala iliyokaa parokiani au kwenye maktaba ya chuo ina maisha marefu kuliko simu yoyote.

Hatua ya tatu: lijue jiwe na ugonjwa wake

Marumaru ni nyeupe au yenye mishipa ya kijivu, na ikichakaa uso wake hukwaruza mkono kama sukari. Matale, au graniti, yana chembe za rangi mbalimbali zinazometa, ni magumu, na mara nyingi tatizo lake ni kuinama tu. Granito, ile tuliyozoea sakafuni katika nyumba za zamani za kampuni, ni simenti iliyochanganywa na vipande vya mawe kisha ikasuguliwa. Makaburi mengi ya kawaida ni ya zege au ya matofali yaliyopigwa lipu, na yale ya zamani zaidi yana matofali yaliyojengwa kwa udongo wa kichuguu bila simenti hata kidogo. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja ni sumu ya kingine.

Marumaru ya Lubumbashi ina ugonjwa wake wa ziada. Tanuru la shaba lilianza kazi mwaka 1911, na kwa miongo mingi moshi wake wenye salfa ulipeperushwa na upepo, hasa kuelekea kaskazini-magharibi mwa mji. Salfa ile ikikutana na unyevu huwa asidi, nayo ikikaa juu ya marumaru huigeuza ngozi yake kuwa jasi, kitu laini kinachonyonya masizi na kuwa gamba jeusi, hasa sehemu zisizopigwa na mvua moja kwa moja, kama chini ya kingo na mashavuni mwa malaika waliochongwa. Wengi hulichukulia gamba hilo kama uchafu na kulibandua kwa kisu. Likibanduka hutoka pamoja na ngozi ya jiwe na michongo yake. Liache.

Gonga jiwe taratibu kwa kifundo cha kidole. Likitoa sauti ya kitu kizima, linaweza kuoshwa. Likitoa sauti ya uwazi, au chembe zikidondoka unapolipapasa, au ukiona tabaka limeinuka kama ganda la kitunguu, ishia hapo: piga picha, andika, na usilioshe. Jiwe la namna hiyo ni la fundi aliyesomea uhifadhi.

Hatua ya nne: majani, miti na moto

Majani yakatwe kwa mkono yanapokaribia jiwe. Panga likigonga marumaru huacha alama isiyofutika, na uzi wa plastiki wa mashine ya kukatia majani hukwangua sehemu ya chini ya jiwe kidogo kidogo hadi ikaonekana kama imetafunwa. Acha nafasi ya shibiri moja kuzunguka jiwe, na nafasi hiyo isafishwe kwa mkasi au kwa vidole.

Usichome. Najua kwamba kiangazi kikikolea, kuchoma ndiyo njia rahisi, na kila Agosti tunaona makaburi yakiwaka. Moto wa majani makavu hupasua matale, hugeuza ngozi ya marumaru kuwa unga, huvunja picha za marehemu zilizochomwa juu ya kauri, na huteketeza misalaba ya mbao ambayo mara nyingi ndiyo alama pekee ya kaburi la maskini. Dawa ya kuua magugu nayo isipuliziwe karibu na jiwe, maana chumvi zake hunyonywa na kuja kupasua uso kutoka ndani.

Mti uliokwisha kukumbatia jiwe kwa mizizi using'olewe, kwa kuwa mizizi hiyo huenda ndiyo inayolishikilia. Kata shina karibu na ardhi, uache mizizi ioze yenyewe. Kichuguu kinachoinuka juu ya kaburi ni jambo gumu zaidi katika ardhi yetu, kwa sababu mchwa wakifukuzwa huacha matundu na jiwe hutitia. Ushauri wangu ni kukiacha kilicho kikubwa, kuandika kilichomo chini yake kadiri unavyojua, na kukwangua mapema vile vidogo vinavyoanza.

Hatua ya tano: kuosha

Vifaa ni vichache: maji safi, brashi laini za nyuzi za plastiki au za mimea, kijiti cha mianzi au cha mbao kilichochongwa, sifongo, na chombo cha kunyunyizia maji. Kwa jiwe la ukubwa wa kawaida mimi hutayarisha bidoni mbili za lita 20, na kwa kuwa makaburini maji hayapatikani, mambo ya kuyabeba na mkokoteni yapangwe mapema. Brashi ya waya, msasa, maji ya javeli (dawa ya kung'arishia nguo nyeupe), asidi, sabuni ya unga na mashine ya kurusha maji kwa nguvu vibaki nyumbani. Javeli huacha chumvi ndani ya jiwe, na sabuni za kufulia huacha mabaki yanayokamata vumbi upya, hivyo jiwe lililooshwa kwa sabuni huchafuka haraka kuliko lisiloguswa.

Anza kwa kulilowesha jiwe lote hadi linyonye vya kutosha. Utando wa kijani na mweusi ulioota wakati wa mvua hulainika baada ya robo saa ya kuloweka, na hapo unaweza kuuondoa kwa kijiti bila kusugua. Osha kuanzia chini kwenda juu, kwa miduara midogo, huku sehemu ya chini ikiendelea kuwa na maji. Ukianza juu, maji machafu hutiririka kwenye jiwe kavu na kuacha michirizi ambayo baadaye haitoki. Suuza kila sehemu kabla hujapanda kwenye inayofuata. Maji yanayoshuka yakiwa na chembe nyeupe zinazokwaruza vidoleni, acha mara moja, kwa kuwa hapo unaosha jiwe lenyewe.

Madoa ya manjano na ya kijivu yaliyonata kama viraka vya ngozi ni viumbe vinavyokua polepole sana. Vikiwa havifichi herufi, viache. Doa la kijani-buluu chini ya kibao cha shaba limeingia ndani ya jiwe na halitoki kwa kuosha. Atakayekuahidi kuling'oa amekuja na asidi.

Osheni hii isirudiwe kila mwaka. Kila jiwe lioshwe mara moja kwa miaka mingi, na katikati ya miaka hiyo fagio laini linatosha.

Hatua ya sita: kusimamisha jiwe lililoinama

Siku moja niliegemeza bega langu kwenye jiwe refu lililoinama, ili nisome upande wa nyuma. Mlinzi wa makaburi, mzee aliyekaa pale miaka mingi, aliniita kwa sauti ya chini.

«Mwanangu, toka hapo.»

«Papa, limeshika vizuri, naona halitikisiki.»

«Hata lile lililomvunja kijana mguu halikuwa linatikisika. Toka kwanza, ndipo tuongee.»

Nilitoka. Alichota udongo wa nyuma ya jiwe kwa kidole chake, akanionyesha kwamba lilikuwa limesimama juu ya kipande kidogo cha tofali lililooza, na chini yake ni tupu. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni kwamba hakuna mtu anayepiga magoti upande ambao jiwe linaweza kuangukia, na watoto hawakaribii.

Fanya hesabu kabla ya kuinua. Bamba la urefu wa mita 1, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 10 lina uzito wa kilo 160 hivi. Zaidi ya hapo, usijaribu bila fundi mwenye kamba za kufungia mizigo, mbao nene na watu wanaosikilizana. Jiwe lenye ufa halinyanyuliwi na mtu asiye fundi, hata likiwa dogo.

Kwa jiwe moja zima lililochomekwa ardhini, chimba taratibu upande wa mbele na nyuma hadi ufike mwisho wake, ukilishikilia kwa mbao. Usichimbe zaidi ya hapo, kwa heshima ya aliyelala chini na kwa usalama wako. Mtaimbo usiguse jiwe moja kwa moja. Weka kipande cha mbao au gunia katikati. Likishatoka, sakafu ya shimo ishindiliwe, kisha iwekwe kokoto zenye kina cha kiganja ili maji yapite. Rudisha jiwe, likague kwa pimamaji na timazi pande zote mbili, halafu jaza mchanganyiko wa kokoto ndogo na mchanga kwa tabaka nyembamba, ukishindilia kila tabaka kwa kipande cha mti. Theluthi moja ya jiwe ikiwa ardhini, litasimama.

Hapa ndipo mafundi wetu hubishana nami, kwa kuwa wamezoea kumwaga zege kuzunguka mguu wa jiwe. Zege hulifunga jiwe lisiweze kusogea ardhi inaposogea. Jiwe lisiloweza kusogea huvunjika, nalo huvunjika pale pale linapotoka kwenye zege. Mchanga na kokoto hulikubali liiname kidogo, nawe utalirekebisha baada ya miaka kumi kwa nusu siku ya kazi.

Hatua ya saba: viungo, nyufa na chokaa

Udongo wa kujengea, yaani mchanganyiko unaojazwa kwenye viungo, unapaswa kuwa laini kuliko jiwe, ili kitu kikilazimika kuvunjika kivunjike kiungo na si jiwe. Kwa marumaru na matofali ya zamani, tumia chokaa. Eneo letu la Katanga lina chokaa yake, kwani mawe ya chokaa ya Kakontwe karibu na Likasi yamechomwa tangu enzi za kampuni. Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji, usinunue ile mbichi inayochemka, na uiloweke siku moja au zaidi hadi iwe kama ugali laini. Vaa glavu na uwe na maji safi karibu, kwa sababu chokaa ikiingia jichoni huunguza.

Chekecha mchanga uliooshwa, uchanganye sehemu tatu za mchanga kwa sehemu moja ya chokaa, na uponde kwa muda mrefu bila kuongeza maji kila mara. Ondoa udongo uliolegea kwenye kiungo kwa mkono, lowesha, kisha shindilia kwa tabaka. Chokaa hukauka kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole. Ikikaushwa haraka na upepo wa Julai huwa unga. Funika kwa gunia lenye maji kwa wiki nzima, ukililowesha asubuhi na jioni. Kwa sababu hiyo Aprili na Mei ni miezi bora kuliko kilele cha kiangazi, ambapo mchana ni mkavu na usiku ni wa baridi kali.

Kaburi la zege au la granito ni habari nyingine: lilizaliwa na simenti, na litazibwa kwa simenti iliyochanganywa na mchanga mwingi. Kaburi la matofali na udongo wa kichuguu lizibwe kwa udongo huo huo, kisha lipakwe chokaa nyepesi, kama wazee walivyofanya. Marumaru na matale yasipakwe rangi yoyote kamwe.

Vipande viwili vya jiwe vilivyovunjika usivigandishe kwa gundi ya dukani. Vilaze pamoja juu ya kokoto, uso ukielekea juu na ukiwa umeinamishwa kidogo ili maji yasitulie, uvipige picha, na usubiri fundi. Ukiona chuma kilichochomekwa ndani ya jiwe, jua ndicho kilicholivunja, kwa kuwa kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Fundi atakayekuja aambiwe atumie chuma kisichoshika kutu.

Misalaba ya chuma na ya mbao

Msalaba wa chuma ndicho kitu pekee makaburini kinachoruhusiwa brashi ya waya. Ondoa kutu iliyolegea, ukiwa umefunika jiwe lililo chini, paka rangi ya kuzuia kutu kisha rangi ya mwisho. Msalaba wa mbao ngumu ya mulombwa unaweza kushinda miaka mingi ikiwa mguu wake haukai kwenye udongo wenye mchwa. Uzungushie kokoto, na kibao chenye jina kikianza kuoza, kipige picha na ukihamishie ndani kwa idhini ya ukoo.

Baada ya mvua ya kwanza

Rudi mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba ikishanyesha, uone maji yanasimama wapi. Maji yakituama kwenye mguu wa jiwe, chimba mfereji mwembamba wa kuyatoa. Penye ufa, pima upana wake kwa rula na uandike tarehe daftarini. Ukirudia kipimo kila Aprili utajua kama unakua au umetulia, na ufa uliotulia hauna haraka.

Herufi zilizokwisha kufutika

Familia nyingi huomba herufi zichongwe upya. Mimi hukataa, kwa sababu tindo hula jiwe lililokwisha kudhoofika, na fundi hufuata anachokiona yeye kuliko kilichoandikwa. Ni afadhali kutengeneza alama mpya ndogo, ilazwe ardhini kando ya jiwe bila kulishika, ikiwa na maandishi kamili na mwaka ilipowekwa ili wajao wajue kipi ni cha kale. Isiwe ya shaba, maana haitamaliza mwezi. Tofali lililochorwa kabla ya kuchomwa linafaa, halimvutii mwizi na haliogopi mvua.

Shangazi yangu alikumbuka kwamba babu alifariki mwaka mmoja kabla ya yeye kuanza shule, na kitabu cha mazishi cha parokia kikathibitisha. Tofali lake tulilichora kwa msumari juu ya udongo mbichi, likachomwa pamoja na matofali ya jirani aliyekuwa akijenga, na sasa limelala upande wa kulia wa marumaru, likiwa na jina lake lote na tarakimu zote nne: 1958.